Kazi inanila, bustani inakula pesa: niache ipi?

*"Mshauri, habari za kazi. Mimi ni mhudumu wa wateja kwa njia ya simu. Zamu yangu ni saa tisa, na muda wote huo nasikiliza watu waliokasirishwa na makosa ambayo si yangu na ambayo sina uwezo wa kuyarekebisha. Nikitoka, kichwa kinavuma. Kinachonituliza ni kibustani nilichokianzisha miaka miwili iliyopita nyuma ya nyumba tuliyopanga: nyanya, spinachi, pilipili, vitunguu na maua kidogo. Mwaka huu mshahara uko palepale na kila kitu kimepanda, kwa hiyo mwenzangu alikaa chini akapiga hesabu ya nyumba nzima. Akanionyesha kwamba kila mwezi bustani inakula zaidi ya mara mbili ya thamani ya mboga tunazovuna. Sikuwa na la kujibu. Nikajaribu kuuza miche kwa majirani ili bustani ijilipe, nikajikuta nimepata wateja wengine wa kunilalamikia. Nikijaribu kuiacha, wiki haiishi nimeshakuwa mkali kwa watoto na usingizi hauji. Siku hizi hata bustanini naenda na simu mfukoni kwa sababu kundi la kazini halilali. Juzi nilifungua droo nikakuta pakiti kumi na nne za mbegu ambazo sijawahi kuzifungua, nikaona aibu. Je, niiache bustani mpaka hali itengemae? Je, uchovu huu ni ugonjwa? Na ni kweli kwamba kwenye udongo kuna bakteria wa kuleta furaha, au najidanganya?"*

Ndugu yangu, nianze na hizo pakiti kumi na nne. Umezitaja mwishoni kama mtu anayeungama, lakini mimi nimezisoma kama risiti. Kila pakiti ina siku yake. Kama unaweza kukumbuka ulizinunua lini, au kama malipo yalipita kwenye simu na kumbukumbu zipo, zichukue tarehe hizo uziweke kando ya ratiba ya zamu zako. Kwa watu niliokaa nao kwenye hali kama yako, manunuzi ya namna hii mara nyingi huangukia jioni ya siku mbaya: siku mtu alipofokewa, siku msimamizi alipopandisha idadi ya simu za kupokea. Sina ushahidi kwamba na wewe ni hivyo. Angalia mwenyewe.

Nauliza hivyo kwa sababu kununua vitu vya bustani na kulima bustani ni shughuli mbili, na hapo nyumbani mmeziandika kwenye mstari mmoja wa bajeti. Pesa inaliwa na ya kwanza. Utulivu unatoka kwenye ya pili. Kupalilia ni bure. Kumwagilia kunagharimu maji kidogo. Kukagua chini ya majani kama vidukari wamerudi, kufunga nyanya kwenye mti, kuokota majani makavu na kuyatandaza, vyote hivyo havina risiti. Ukitenganisha hayo mawili, swali la "niache au nisiache" linapungua ukubwa.

Mimi nalijua hili kwa makosa yangu. Kuna mwaka nilikuwa na kazi iliyonielemea, na kila Ijumaa jioni nilirudi nyumbani na mche mpya. Mmoja ulikuwa waridi. Niliuweka pale mlangoni ukiwa bado kwenye mfuko wake mweusi wa plastiki, nikasema kesho nitauchimbia shimo. Kesho yake nilikuwa hoi. Baada ya wiki mbili ulikuwa kijiti, na mizizi yake ilikuwa imejizungusha ndani ya mfuko mara tatu ikitafuta pa kwenda. Wakati huohuo magugu yalikuwa yamefika magotini hatua nne kutoka pale, nami ningeweza kuyang'oa bila kutoa hata senti. Nilichokuwa nanunua ni ile picha ya kesho yenye utulivu. Ubongo una tabia hiyo: dopamini, ambayo watu wengi huiita kemikali ya raha, hushughulika sana na kutarajia zawadi, wala haisubiri zawadi yenyewe ifike. Ukishika pakiti yenye picha ya nyanya nyekundu, sehemu nzuri ya starehe umeshaipata palepale dukani. Ndiyo maana pakiti inaweza kulala kwenye droo miezi minane.

Sasa niyajibu mambo matatu uliyoyauliza moja kwa moja, nikianza na la bakteria kwa sababu ni fupi. Bakteria anayesemwa anaitwa Mycobacterium vaccae, na kweli anaishi kwenye udongo. Habari hizo zilienea baada ya utafiti uliochapishwa mwaka 2007, lakini utafiti huo ulifanywa kwa panya, na panya hao walidungwa sindano ya bakteria waliokwisha kuuawa kwa joto. Kutoka hapo hadi kusema kwamba mtu akishika udongo kwa vidole anapata furaha ni safari ndefu. Kwa hiyo usiutegemee udongo kama dawa ya kunywa kwa ngozi. Hujidanganyi, ila sababu ya wewe kutulia iko kwingine.

Mwaka 2011 watafiti wawili nchini Uholanzi walichukua watu 30 wenye mazoea ya kulima bustani, wakawapa kazi ya kuwaudhi kusudi, kisha wakawagawa: wengine nusu saa ya kazi nyepesi bustanini, wengine nusu saa ya kusoma ndani. Walipima kotisoli, homoni ya msongo, kwenye mate yao. Ilishuka kwa makundi yote mawili, lakini kwa wa bustanini ilishuka zaidi, na wao ndio waliorudi kwenye hali yao nzuri ya moyo. Ni utafiti mdogo, na waliohusika walikuwa wanapenda bustani tangu mwanzo. Mtu anayechukia udongo asitegemee matokeo yaleyale. Wewe hata hivyo si mtu huyo.

Kwa nini inatokea? Tazama kinachofanyika mwilini mwako mteja anapopandisha sauti. Tezi ndogo zilizokaa juu ya figo zinamwaga adrenalini, moyo unakwenda mbio, damu inakimbilia kwenye misuli mikubwa. Kotisoli inafuata dakika chache baadaye ili sukari iendelee kupatikana kwenye damu. Mwili mzima umejiandaa kufanya kitu kikubwa. Na wewe umekaa kwenye kiti chenye magurudumu, huna ruhusa ya kusimama, unasema kwa sauti tamu, "Samahani sana kwa usumbufu." Simu inakatika. Inaingia nyingine kabla moyo haujarudi mahali pake. Zidisha mara saa tisa. Kichwa kuvuma hapo si udhaifu wa tabia yako.

Mwaka 1979 mtafiti wa mambo ya kazi, Robert Karasek, alieleza jambo ambalo hadi leo linatumika sana: kazi inayomchosha mtu vibaya zaidi ni ile inayomdai mengi huku ikimnyima uamuzi. Kazi nzito yenye nafasi ya kuamua inaweza hata kumjenga mtu. Kazi nzito isiyo na nafasi hiyo inamla. Umejieleza mwenyewe bila kujua: unabeba makosa "ambayo sina uwezo wa kuyarekebisha". Halafu unarudi nyumbani kwenye bajeti ambayo nayo inadai kila upande na haina mwanya wa kuchagua. Kisha unatoka nyuma ya nyumba, na pale hatimaye kuna mahali ambapo ukiamua pilipili ihamie pembeni, inahamia. Ukikosea, mmea hauandiki malalamiko. Unajaribu, unangoja, unaona. Mikono inapata ile kazi ambayo mwili ulikuwa umejiandaa nayo mchana kutwa.

Ukilielewa hilo, utaona kwa nini kuuza miche kulikuharibia. Hukushindwa biashara. Uliingiza wateja kwenye sehemu pekee isiyokuwa na wateja. Jirani aliyelipia mche ana haki ya kuuliza mbona unanyauka, na wewe kwa mazoea ya kazi ukajikuta unamwomba samahani. Kuna watu wanaofaidika na bustani ya kuuza, na siwabezi. Lakini kwa anayetoka kwenye zamu kama yako, bustani ya biashara ni kazi ya pili yenye mshahara mdogo. Siishauri kwa sasa. Kama mna upungufu wa kipato unaohitaji kuzibwa, tafuta chanzo kingine, hata kama kinaonekana kidogo, uiache bustani pembeni.

Simu mfukoni ni mwiba uleule kwa umbo jingine, na ningekuwa nimekaa nawe uso kwa uso ningekaa hapa muda mrefu. Watafiti wanaochunguza namna watu wanavyopumzika baada ya kazi wamebaini kwamba kuwa mbali na ofisi hakutoshi. Akili nayo inatakiwa iondoke. Mtu anaweza kuwa amechutama kwenye tuta la spinachi huku mkono wa kushoto ukisubiri mtetemo pajani. Mwili uko bustanini, masikio yapo zamuni. Halafu usiku anashangaa usingizi hauji. Kotisoli kwa kawaida hupanda asubuhi na kushuka kadiri jioni inavyoingia. Ujumbe wa kazini wa saa tatu usiku unauambia mwili kwamba siku haijaisha.

Kwa hiyo hili nalitaka kabla ya mengine yote: simu ibaki ndani. Dakika arobaini zinatosha. Kama unaogopa dharura ya nyumbani, mwenzako yupo au mtoto atakuita kwa sauti. Kuhusu kundi la kazini, usianze kwa kulinyamazia kimyakimya na kungoja ugomvi. Mwendee msimamizi wako siku isiyo na moto, umuulize swali la kawaida kabisa: ni ujumbe wa aina gani unaohitaji jibu langu baada ya zamu? Mara nyingi jibu huwa ni aina moja au mbili tu, na hata yeye hajawahi kukaa akalifikiria. Mwombe mpeane zamu ya kushika simu usiku badala ya wote kuwa macho kila siku. Akikataa, angalau unajua ukweli wa mahali unapofanya kazi, na ukweli huo una matumizi yake.

Unauliza kama huu ni ugonjwa. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake mpya ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, liliuelezea uchovu wa kupindukia unaotokana na kazi kuwa ni hali inayohusiana na ajira, na halikuuweka kwenye kundi la magonjwa. Likataja alama zake tatu: kuishiwa nguvu, moyo kujitenga na kazi au kuiona kwa kejeli, na kuhisi kwamba hufanyi tena kazi yako vizuri. Ya kwanza umeieleza. Hizo nyingine mbili hukuzigusa, na wewe ndiye unayejua. Faida ya maelezo hayo ni kwamba yanaonyesha tatizo lilipo: kwenye msongo wa kazi wa muda mrefu ambao haujashughulikiwa. Bustani haiwezi kuushughulikia. Inaweza kukurudishia nguvu za kuushughulikia, na hapo inaishia. Nawaona watu wanaolima vizuri sana huku wanaendelea kuumia kazini mwaka wa nne, kwa sababu kila jioni wanapata nafuu ya kutosha tu kurudi kesho yake.

Tuje kwenye pesa, na hapa nataka kumtetea mwenzako kwanza. Hesabu yake ni sahihi. Mtu aliyekaa chini akapiga hesabu ya nyumba nzima bila kukugombeza anastahili shukrani yako, wala usimjibu kwa kumwambia mboga zako hazina dawa za viwandani. Kasoro ninayoiona ni ndogo: ameiandika bustani kwenye ukurasa wa chakula. Huko itashindwa siku zote, maana bustani ndogo ya mtu anayejifunza ni nadra kuzalisha mboga kwa bei nafuu kuliko mkulima anayelima shamba zima. Mahali pake ni kwenye ukurasa wa mapumziko na afya. Linganisheni na mnavyotumia kwa ajili ya kupumzika, au na gharama ya wewe kukosa usingizi mwezi mzima, kisha muone kama bado inaonekana ghali. Mboga zikipatikana, zihesabuni kama nyongeza.

Lakini kuihamisha ukurasa si ruhusa ya kutumia. Ipe kikomo. Kikomo changu huwa hiki: kiasi ambacho kikipotea chote, hakuna bili itakayochelewa na hakuna mtu ndani ya nyumba atakayekosa kitu. Kwa nyumba fulani hicho ni kiasi kizuri tu. Kwa nyumba nyingine, hasa kama kuna kodi iliyolala au marejesho ya mkopo yaliyochelewa, kikomo ni sifuri, na sitakuficha hilo. Habari njema ni kwamba bustani inaweza kuishi kwenye sifuri kwa miezi kadhaa. Anayeshindwa kuishi kwenye sifuri ni yule mnunuzi wa siku mbaya.

Kwa huyo mnunuzi, fanya hivi. Weka daftari dogo. Kila unapotamani kitu cha bustani, kiandike na tarehe, na uandike neno moja kuhusu siku ilivyokuwa: "kelele", "sawa", "msimamizi", chochote. Kununua kuwe siku moja tu kwa mwezi, baada ya bili zote kulipwa, mchana, ukiwa umekula na hujatoka zamu. Siku hiyo fungua daftari usome ulichoandika. Vingi vitakuwa vimeshapoa vyenyewe. Kinachoendelea kukutamanisha hata wiki tatu baadaye, kinunue bila kujiuma, ndani ya kikomo.

Na usijione mjinga wa pesa. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa wakulima wa miwa huko Tamil Nadu, India. Hao hupata fedha zao nyingi wakati wa mavuno, kwa hiyo kila mwaka wana kipindi cha ukata na kipindi cha nafuu. Watu walewale walipopimwa kwa maswali ya kufikiri, kabla ya mavuno walifanya vibaya kuliko baada ya mavuno. Wapo watafiti waliobishana juu ya namna matokeo hayo yalivyochambuliwa, lakini anayeishi na mshahara unaokatika katikati ya mwezi ataelewa kilichosemwa: ukata unakaa kichwani, unachukua nafasi, na kinachobaki ndicho unachoamulia mambo mengine. Ndiyo sababu nakuomba uamuzi wa pesa uwe na siku yake na saa yake. Mkae na mwenzako mara moja kwa wiki, nusu saa, karatasi mezani, mmalize, mfunge. Wasiwasi wa pesa ukija Jumanne usiku wakati kikao ni Jumamosi, uandike kwenye kikaratasi cha Jumamosi. Akili huachia jambo kwa urahisi zaidi ikijua lini litashughulikiwa. Kama mna mkopo mnaoona utawashinda, mwende kwa mkopeshaji kabla ya tarehe kupita. Ukienda mapema, una nafasi kubwa zaidi ya kusikilizwa.

Bustani yenyewe ya bei ya chini haihitaji maneno mengi, kwa kuwa umeshalima miaka miwili. Mboji tengeneza kwa maganda ya mboga na matunda ukichanganya na majani makavu au karatasi zilizochanwa. Usitie nyama wala mafuta. Ndoo iliyopasuka ni chungu kizuri ukiitoboa chini, na kwa kuwa mmepanga, chungu unahama nacho. Mnanaa na mrehani huota kwa kijiti: kata, toa majani ya chini, weka kwenye glasi ya maji dirishani, na ndani ya wiki moja au mbili utaona nyuzi nyeupe za mizizi. Mbegu za nyanya unaweza kutoa kwenye tunda lako mwenyewe lililoiva vizuri, mradi si mbegu ya mahuluti, yaani chotara, maana watoto wa mahuluti hawafanani na mama. Maji ndiyo yanayotupwa zaidi. Ingiza kidole kwenye udongo hadi kifundo cha pili. Kikitoka na unyevu, usimwagilie leo, hata kama umekuja na kopo limejaa na hamu ya kumwagilia. Mimea ya vyungu mingi hufa kwa kuzamishwa na watu wenye upendo. Tandaza majani makavu juu ya udongo ili jua lisiyanyonye maji uliyoyalipia.

Punguza eneo pia. Hili wasomaji huwa hawalipendi. Bustani ikizidi nguvu zako inageuka orodha ya mambo uliyoyachelewesha, na orodha kama hiyo unayo tayari kazini. Chagua mimea mitatu ambayo huwa unaichungulia kwa furaha. Iliyobaki ikifikia mwisho wake, usiibadilishe. Ukiwa na mahali unapoweza kupamaliza kwa dakika arobaini hizo, utaingia ndani ukiwa umemaliza kitu.

Kuhusu kuacha kazi: hukuliuliza, lakini liko katikati ya mistari. Kuondoka bila akiba na bila pa kwenda kunabadilisha msongo mmoja kwa mwingine, na bajeti uliyoieleza haina godoro la kuangukia. Kutafuta kazi nyingine ukiwa bado unalipwa ni jambo tofauti, nami ningelianza mapema, hata kwa hatua moja kwa wiki. Ndani ya kazi hiyohiyo angalia kama kuna nafasi isiyo ya kupokea simu, kama barua za wateja au mafunzo ya wapya. Ombi la dakika chache za kupumua baada ya simu mbaya nalo halina ubaya, na ukiliomba pamoja na wenzako wawili watatu linasikika tofauti na ukiliomba peke yako.

Kuna mambo ambayo barua haiwezi kuyatibu. Ukiona wiki mbili zinapita moyo umezama karibu kila siku, au umepoteza hamu ya vitu vyote, nenda kwa daktari au mshauri wa afya ya akili ukae naye. Alama ninayokuomba uiangalie ni bustani yenyewe. Leo inakutuliza, na hiyo ni dalili nzuri. Siku ukichutama mbele ya nyanya iliyoiva na usihisi chochote, usingoje wiki mbili zitimie. Vivyo hivyo ukianza kutumia pombe au vidonge ili ulale, au ule ukali kwa watoto ukifika mahali unapouogopa mwenyewe. Maumivu ya kifua, pumzi kukatika au kuzimia ni mambo ya hospitali mara moja, usiyaite msongo kabla hujapimwa. Na likija wazo la kujidhuru au kwamba ni afadhali usiwepo, mwambie mtu aliye karibu nawe siku hiyohiyo na mwende pamoja mahali pa huduma za dharura. Uliniandikia kuhusu usingizi. Kama umeukosa kwa zaidi ya mwezi, hilo pekee ni sababu ya kutosha kumwona daktari.

Basi jibu langu: bustani usiiache. Acha kununua kwa miezi miwili ya kwanza, acha kuuza, na simu iache mezani. Mwonyeshe mwenzako barua hii ukitaka, na jioni moja mwalike aje akae tu kwenye ndoo iliyopinduliwa, bila kumfundisha kitu.

Ile droo ifungue leo. Panga pakiti zote kumi na nne kwa tarehe zilizochapwa nyuma. Kila moja itolee mbegu kumi, zifunge kwenye kitambaa au karatasi laini yenye unyevu, weka mahali penye joto kidogo, andika jina, na ukague kila jioni kama kitambaa hakijakauka. Nyingi zitaonyesha dalili ndani ya siku tano hadi kumi. Pilipili huchelewa, ipe hadi wiki tatu. Saba zikiota kati ya kumi, una mbegu nzuri na huhitaji kununua. Zikiota tatu, zimwage nyingi zaidi kwenye shimo. Isipoota hata moja, pakiti hiyo iingie kwenye mboji, na wewe usiilipie tena kwa aibu. Anza na ya vitunguu, maana mbegu zake hupoteza uhai haraka kuliko za nyanya.